Jezi namba 11

Elburgon,
Jumapili jioni

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Mvua imeanza, viazi vimechipuka vizuri, na nyanya yako kila siku anauliza utakuja lini. Ulipopiga simu Alhamisi nilikujibu haraka haraka, kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika nami nilikuwa barabarani na mzigo. Tangu hapo nimekaa na swali lako, na nimeona si la kujibiwa kwa simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulisema mheshimiwa mtarajiwa mmoja amewaletea jezi seti mbili, mipira minne na ahadi ya pesa za mashindano. Jezi zina picha yake kifuani na rangi za chama chake. Nusu ya vijana wamezivaa, nusu wamekataa wakisema huyo si mtu wao. Sasa kuna wazo la kugawa timu ziwe mbili, kila upande utafute mdhamini wake, pasiwe na ugomvi. Wewe ndiwe nahodha, uamuzi umekuangukia. Na wewe mwenyewe baba yako ni Mkalenjin wa Rongai, mama yako ni Mkikuyu, dada yangu wa tumbo moja. Ukaniuliza, "Mjomba, si afadhali tugawane kwa amani?"

Hapana. Usiigawe hiyo timu. Jambo hili nimeliona kwa macho yangu, na sijawahi kukusimulia yote.

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 19, karibu umri wako wa sasa, nikicheza kiungo, namba sita, katika timu ya vijana hapa Elburgon. Mji huu ulikuwa wa mbao. Misumeno ilianza kulia alfajiri, na barabara ilinukia maranda kila siku ya Mungu. Hata milingoti ya goli letu ilikuwa ya sipresi mbichi iliyokuwa ikitoa utomvu kwenye jua, golikipa akiiegemea shati linanata. Golikipa huyo alikuwa Mluhya, mtoto wa mpakia magogo. Mabeki wa kati walikuwa ndugu wawili Waogiek kutoka upande wa Mariashoni. Walikuja mazoezini kwa miguu kupitia msituni na kurudi vivyo hivyo, na sikuwahi kuwaona wakihema. Mshambuliaji alikuwa Mkikuyu, jirani yetu. Na winga wa kushoto, namba 11, alikuwa kijana Mkisii wa kutoka Molo, mwembamba kama fito, mwenye mguu wa kushoto ambao sijaona mwingine mfano wake hapa kwetu. Mpira ukimfika, beki wa upande ule alianza kurudi nyuma kabla hajaguswa.

Sitakudanganya kwamba tulikuwa tunahubiriana umoja. Tulikuwa tunahitajiana tu. Mimi nilijua nikipiga mpira kushoto bila kuangalia, kuna mtu pale. Hiyo ndiyo timu, mpwa wangu: kujua kuna mtu pale.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokwisha. Machafuko yalikuwa yameanza Nandi, Oktoba 1991, katika shamba la Meteitei. Siasa ya vyama vingi ilikuwa imerudi, na wakubwa walikuwa wakisimama majukwaani kusema Bonde la Ufa lina wenyewe na wengine ni wageni. Yalikuwa mbali. Lakini mazoezini nilianza kuona kitu kidogo ambacho sikukipa uzito. Zamani tulikunywa maji kwa kopo moja, mfululizo, huku tukibishana kuhusu mechi. Wiki zile kila mtu alianza kunywa na wa kwao, na mazungumzo ya pembeni yakawa kwa lugha za nyumbani. Nikikaribia, yanakatika. Nami nilifanya hivyohivyo. Hakuna aliyemtukana mwenzake.

Kisha ikafika zamu ya Molo na Olenguruone. Jumamosi moja tulikuja mazoezini watu saba. Jumamosi iliyofuata, watano. Moshi ulionekana upande wa magharibi, na malori yalikuwa yakipita yamebeba magodoro, kuku na akina mama waliokaa juu ya mizigo wakiangalia walikotoka. Wale ndugu wa Mariashoni hawakuja, kwa sababu njia yao ilipita mahali ambapo sasa watu walikuwa wakimuuliza mpita njia jina lake. Winga wetu aliondoka na familia yake kwenda Kisii usiku, bila kuaga. Golikipa alikuwa amekaa kando ya gunia la jezi, akizitoa moja moja, anazikunja, anazirudisha. Hakuna aliyefukuzwa katika timu ile. Hakuna kikao kilichokaa wala kura iliyopigwa.

Miezi kadhaa baadaye, hali ilipotulia kidogo, tulijaribu kuunda timu ya "watu wetu peke yao". Wazo lilikuwa hilihili mlilo nalo ninyi: tusisumbuane, kila mtu na wa kwao. Tukapata kumi na mmoja kwa shida, wawili kati yao wazee wenye vitambi. Tukaenda kucheza Njoro. Dakika za mwanzo nilipata mpira katikati, nikageuka, nikaupiga kushoto bila kuangalia kama nilivyozoea. Ukatoka nje. Hapakuwa na mtu. Nilirudia kosa hilo mara tatu siku ile, miguu ilikuwa haijasikia habari. Tulifungwa sita. Timu haikucheza tena.

Gunia lile niliachiwa mimi. Panya walikula jezi karibu zote, ila namba 11 bado iko, imetundikwa nyuma ya mlango wa stoo ya nyanya yako. Wewe ukiwa mdogo uliwahi kuivaa ikakufika magotini, hukumbuki.

Nimekuandikia hayo ya kwetu kwanza kwa sababu nayajua. Lakini mji unaoishi wewe, Nakuru, una historia yake, na vijana wa mtaa wenu wa Kaptembwo wanastahili kuijua. Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963, bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka 1969 wakachukua ubingwa tena. Utazame na majina ya enzi ile: kulikuwa na Luo Union, kulikuwa na Abaluhya, timu zilizojengwa juu ya jamii na vyama vyake vya kusaidiana. Baadaye, mwaka 1980, serikali ilipopiga marufuku vyama vya kikabila, Abaluhya wakawa AFC Leopards na Luo Union wakawa Re-Union. Nakuru hawakuwa na la kubadilisha. Jina lao lilikuwa la mji. Mji wenyewe ulizaliwa na reli, ukajaa mafundi, makarani, wapagazi na vibarua wa mashamba kutoka kila pembe, wakapangwa chumba kwa chumba kule Bondeni, Kivumbini, Flamingo na Shauri Yako. Mitaa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na ukumbi wa ndondi ambao watu waliuita Madison Square Garden, na Nakuru ikamtoa Philip Waruinge, shaba ya Olimpiki Mexico 1968 na fedha Munich 1972.

Tena mwaka ule wa 1969 haukuwa wa amani. Tom Mboya aliuawa Julai, na Oktoba watu wakapigwa risasi Kisumu. Nchi ilikuwa imepasuka. Timu ya mji wa mchanganyiko ikachukua ubingwa mwaka huohuo. Kila nikilifikiria jambo hilo napata nguvu.

Najua utaniuliza kuhusu wakimbiaji, maana vijana wengi hunijibu hivyo: mbona 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Bonde la Ufa liliungua na bado medali zikaja? Ni swali zuri. Lucas Sang, aliyekimbia Olimpiki ya Seoul 1988, aliuawa karibu na Eldoret mwishoni mwa Desemba 2007. Wesley Ngetich, mkimbiaji wa marathoni, alikufa kwa mshale kule Trans Mara mwezi Januari. Luke Kibet, bingwa wa dunia wa marathoni wa mwaka uliotangulia, alipigwa jiwe kichwani. Watu hawakuweza kukimbia barabarani alfajiri. Kundi moja likahamia Namibia kufanya mazoezi. Lakini Aprili Robert Cheruiyot akashinda Boston na Martin Lel akashinda London, na Agosti kule Beijing Samuel Wanjiru wa Nyahururu, hapo juu tu, akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Pamela Jelimo akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu. Wilfred Bungei, Brimin Kipruto, Nancy Langat, wote dhahabu.

Niliyatafakari hayo muda mrefu. Mkimbiaji huondoka na mapafu yake. Ukimfukuza Eldoret, atakimbia Windhoek. Kipaji chake kimo ndani ya ngozi yake, na kocha aliye mbali anaweza kumpigia simu. Timu ya mpira haibebeki hivyo. Iko kati ya watu, na watu hao lazima waweze kurudi nyumbani jioni kwa njia ileile waliyojia. Ndiyo maana ukiuliza mwaka ule uliwafanyia nini wanariadha utapata majina na saa zao, lakini ukiuliza ulizifanyia nini timu za mitaa ya Nakuru, za Kaptembwo, Kwa Rhonda, Free Area, utapata vijana wengi wa umri wangu na wadogo zangu waliokuwa wazuri na hakuna aliyewasikia.

Kuna na jambo lingine nililoambiwa na padri mmoja wa Kiayalandi aliyekuwa parokia yetu miaka ya tisini. Wewe hukumkuta. Mzee yule alipenda mpira wa kwao wa Gaelic kuliko chakula. Wachezaji ni kumi na watano kila upande, mpira unapigwa kwa mguu na kushikwa kwa mkono, na goli lina milingoti mirefu: enzi hizo ukipitisha juu ya mwamba ulipata pointi moja, ukitia wavuni ulipata tatu. Hawalipwi. Kila mtu huchezea kaunti yake. Kwao kaskazini, katika zile kaunti sita zilizo chini ya Uingereza, kulikuwa na vita vya kisiasa vya miaka karibu thelathini. Kaunti ya Down ilikuwa imechukua kombe la Ayalandi nzima mwaka 1960, 1961 na 1968. Vita vikaanza. Hakuna kaunti hata moja kati ya zile sita iliyolichukua tena mpaka 1991, Down haohao. Padri alinionyesha picha ya gazeti, imekunjwa mara nne, kombe limeinuliwa, naye machozi yanamlengalenga. Akanisimulia kuhusu Crossmaglen, mji mdogo wa Armagh, ambako jeshi la Uingereza lilijenga kambi ikamega uwanja wa klabu, helikopta zikishuka pale watoto wanapofanya mazoezi.

Nikamwuliza, basi ni vita vilivyowanyima ushindi? Akasema vilichangia, lakini niangalie vizuri. Derry walishinda 1993, Down tena 1994, na mkataba wa amani ulikuja 1998. Crossmaglen wenyewe walikuwa mabingwa wa vilabu wa Ayalandi mwaka 1997, kambi ikiwa bado ubavuni mwa uwanja. Akaniambia sababu, na sijaisahau: wachezaji wao karibu wote walikuwa wa upande mmoja. Kero ilitoka nje ya ukuta, ndani wakazidi kushikana. "Ninyi," akasema, "ukuta wenu unapita katikati ya chumba cha kubadilishia nguo."

Nilikuwa kijana, sikumwelewa sawasawa. Nilikuja kumwelewa Januari 2008.

Unajua habari za mwezi ule kwa kusikia. Vurugu ziliingia Nakuru tarehe 24, kisha Naivasha tarehe 27, ambako watu kumi na tisa waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, na mkoa wetu ndio uliozika wengi kuliko wote. Mama yako alikuwa na mimba yako. Baba yako alimpeleka kwa rafiki yake Lanet, akajificha yeye upande mwingine, kwa sababu pale walipopanga mmoja wao alikuwa hatarini, na walipokimbilia alikuwa hatarini yule mwingine. Wiki tatu mume na mke wanaonana kwa simu. Hilo mama yako hapendi kulisema, lakini umefika umri wa kulijua.

Mimi nilishuka Nakuru kuwatafuta. Nilipita Afraha. Uwanja ulikuwa umejaa watu waliokimbia makwao. Turubai zimefungwa mpaka kwenye mstari wa kona, na juu ya mwamba wa goli mama mmoja alikuwa ameanika nguo za watoto: suruali mbili, sweta la shule, shuka. Wavulana watatu walikuwa wakicheza na mpira wa karatasi mbele ya goli hilo, kila wakipiga wanaangalia wasiguse nguo. Niliwasimamia muda. Sikuwauliza majina yao.

Ni uwanja huohuo, mpwa wangu, ambapo Desemba 2012 Uhuru na Ruto walisimama pamoja kuonyesha watu kwamba Wakikuyu na Wakalenjin wamepatana, na Aprili 2016 wakarudi kushukuru Mungu kwamba kesi zao za Hague kuhusu machafuko yale zimekwisha. Nilifurahi siku zile, sitakataa. Watu walipumua. Lakini amani iliyofungwa kwa mikono ya wawili inaweza kufunguliwa na haohao wawili, au na wafuasi wao. Tangu Gachagua aondolewe unaibu wa rais Oktoba 2024, nasikia sokoni maneno yanaanza kubadilika ladha tena. Sijasikia mtu akisema "madoadoa", neno ambalo tume ya uwiano ililitia kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022. Lakini 1992 pia hatukuanza na neno hilo. Tulianza na kopo la maji.

Nakuru ilipata kombe hata baada ya machafuko ya 1992. Ulinzi Stars walichukua ligi 2003, 2004 na 2005, wakaichukua tena 2010, wakati nyumbani kwao kulikuwa Afraha. Nilikuwa nashangilia kama wengine. Lakini ona: wale ni wanajeshi. Mshahara unatoka kambini, chakula kambini, hakuna mtu wa kumwuliza beki wao jina la baba yake njiani. Timu ya raia ndiyo iliyoteseka. Nakuru All Stars ilifufuliwa, ikapanda hadi ligi kuu 2014, ikashuka tena mwaka uliofuata. Sitasema siasa ndiyo iliyowashusha. Pesa nazo ni tatizo jingine. Upande wa raga, Nakuru RFC walichukua Kenya Cup 2013 na 2014 mfululizo. Kwa hiyo mji huu unaweza. Haujaishiwa na miguu.

Sasa turudi kwa jezi zako. Wasiozivaa usiwaone wakaidi, na waliozivaa usiwaone wasaliti. Kijana ambaye hana njumu akiletewa jezi mpya atavaa. Kusanya wote mahali pamoja, chini ya ule mti wenu, kabla ya mazoezi na si baada, watu wakichoka husemana vibaya. Waambie timu haitagawanywa, na kama wanataka nahodha mwingine wamchague. Halafu chukua jezi zote, zilizovaliwa zifuliwe, zikunjwe vizuri, nenda na wenzako wawili, mmoja wa kila upande, mzirudishe kwa heshima. Mwambie mheshimiwa asante, mipira tutaipokea kama ni ya mtaa mzima, jezi zenye picha hatuwezi. Usimtukane wala usimpige picha. Asipoelewa, mrudishieni na mipira. Uchaguzi ni Agosti 2027. Baada ya hapo yeye atakuwa ameshinda au ameshindwa, na ninyi bado mtakuwa mnaishi ploti moja.

Mtacheza na nini? Nimeuza magunia mawili ya viazi vya msimu uliopita. Nimekutumia kwa simu pesa za kununua jezi kumi na tano za rangi moja, zisizo na maandishi, pale karibu na stendi kuu. Bei nimeiuliza. Namba mtabandika wenyewe. Zikibaki senti, nunueni kopo.

Na huyo golikipa wenu Mturkana uliyesema ameacha kuja tangu wiki jana, usimtumie ujumbe kwa simu. Nenda kwao. Keti, kunywa chai, mwulize mama yake habari. Sisi hatukwenda Kisii kumtafuta winga wetu. Nauli ilikuwepo, mwaka mzima ilikuwepo, na mpaka leo sijui kama alicheza tena.

Mechi yenu ya Jumamosi niambie ni saa ngapi. Nitapanda matatu ya saa mbili asubuhi, nyanya yako amesema ananipa maziwa lala ya wachezaji, galoni mbili, na ile jezi nitaibeba. Sitaki uivae, ni kuukuu, itapasuka. Nataka tu winga wako wa kushoto aione.

Msalimie baba yako. Mwambie mama yako nimekusimulia, asikasirike.

Ni mimi mjomba wako,
Elburgon